Kutoka Kilima cha Kimihurura Hadi Chini ya Bahari ya Mafia

Wapo wasemao kuwa mtembezi hula miguu yake. Lakini wahenga hao hao ndio waliotuachia neno jingine, yaani tembea uone. Makala haya yahusu safari ya mume na mke waliobeba mashanta mgongoni kutoka Kimihurura, mjini Kigali, wakaenda kisiwani Mafia kujifunza kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Mume huyo ni mwandishi wa makala haya, na mkewe ni muuguzi. Tunayasimulia ili msomaji mwenye likizo na akiba kidogo ajue njia ilivyo, na zaidi ya hayo ajue jambo moja ambalo mtu wa nchi ya milima hapaswi kulisahau anaposhuka baharini.

KIMIHURURA

Kimihurura ni kata mojawapo ya Wilaya ya Gasabo. Imekaa juu ya kilima, na ukisimama ukingoni waona vilima vingine vya Kigali vimejipanga. Hapo ndipo lilipo Jengo la Bunge la Rwanda, na hapo ndipo ulipo ukumbi mkubwa wa mikutano uliofunguliwa mwaka 2016, wenye kuba ambalo usiku huwaka taa za rangi ya bendera ya taifa. Vichochoro vyake ni safi, na pikipiki za abiria hupita zikiwa na kofia mbili za chuma, moja ya dereva na moja ya abiria.

Hata hivyo, utulivu huo haukuja wenyewe. Baada ya Mapatano ya Arusha ya Agosti 1993, askari 600 wa Rwandese Patriotic Front waliingia Kigali mwishoni mwa Desemba mwaka huo, wakawekwa katika Jengo hilo la Bunge. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, askari hao walipigana kutoka hapo hapo kilimani, huku wakiwaokoa raia waliokuwa karibu. Leo ndani ya jengo hilo mna makumbusho ya mapambano hayo, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Askari au polisi atakayefika Kigali na familia yake asiondoke bila kuyaona.

KWA NINI SI ZIWA KIVU?

Jirani zetu walituuliza, "Mwatafuta maji mbali kwa nini, na Kivu ipo?" Ni swali la haki. Ziwa Kivu ni zuri, na kuogelea katika fukwe zinazotumiwa na watu wengi ni burudani tosha. Lakini ziwa hilo ni la aina yake duniani. Kina chake chafika karibu mita 480, na katika maji ya chini kabisa mmeyeyuka gesi ya methani na hewa ya kaboni kwa wingi mno. Karibu na Karongi, kituo cha KivuWatt huivuta methani hiyo na kuigeuza umeme, megawati 26. Upande wa kaskazini, karibu na Goma, hewa ya kaboni hutoka ardhini na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, nayo huua watu na mifugo bila kuonekana.

Gesi ya ziwani imelala chini mno kuliko pale afikapo mpiga mbizi wa kawaida. Lakini Kivu limo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kupiga mbizi mahali pa juu namna hiyo kuna hesabu zake maalumu. Mwanafunzi huanzia baharini. Basi tukaamua kwenda pwani.

NJIANI

Ndani ya kila shanta tulitia nguo jozi tatu, kanga mbili, chandarua, dawa za huduma ya kwanza, tochi na vyombo vya kulia. Hatukuchukua mifuko ya rambo, kwani Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Mke wangu alishika fedha na hati, nami nikashika ramani na chakula. Mgawanyo huo uliokoa ugomvi mwingi, maana kila mmoja alijua lipi ni lake.

Basi lilitutoa Nyabugogo hadi Rusumo, mpakani, penye maporomoko ya Mto Kagera. Mwisho wa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 tu, watu wapatao robo milioni walivuka mahali hapo kuingia Ngara. Leo kuna daraja jipya na kituo kimoja cha forodha kwa nchi zote mbili, kilichozinduliwa Aprili 2016. Ukivuka, mambo mawili hubadilika papo hapo. Gari lililokuwa likienda kuume huenda kushoto, na saa yako husogezwa mbele kwa saa moja.

Kisha ni Kahama, Nzega, Singida, hadi Dodoma, ambapo tuliliacha basi tukapanda treni ya umeme iliyoanza kazi kati ya mji huo na Dar es Salaam mwaka 2024. Njia nzima kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400. Kutoka Dar es Salaam tulikwenda kusini hadi Nyamisati, katika Mkoa wa Pwani, tukapanda boti ya kwenda Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Boti hutazama maji kupwa na kujaa, kwa hiyo msafiri asiwe na haraka.

CHINI YA MAJI

Mafia ndiko kulikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, mwaka 1995. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake mna vijiji vya watu wavuao na kulima. Kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula vijidudu vidogo vya baharini. Hana haja na mtu.

Mafunzo ya mwanzo huchukua siku tatu au nne, na mwanafunzi hatakiwi kuzama chini ya mita 18. Kabla ya yote hujibu maswali kuhusu afya yake, yaani moyo, mapafu, pumu na masikio. Mwenye mafua hazami, kwa sababu hewa haitapita masikioni mwake. Kisha huvishwa miwani, mapezi ya miguuni, koti la kuelea, mtungi, na mkanda wenye vipande vya risasi vya kumpa uzito. Askari aliyezoea risasi za namna nyingine atacheka kidogo, kama nilivyocheka mimi.

Kanuni ya kwanza ni kwamba usizuie pumzi kamwe. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu pale ufukweni. Pumzi uliyovuta penye mita 10 hutanuka mara mbili ufikapo juu, na mapafu yaliyofungwa yaweza kupasuka. Kanuni ya pili ni kwamba hakuna azamaye peke yake. Kabla ya kuingia majini kila mtu hukagua mitambo ya mwenzake, na kule chini hamwachani. Nilipotazama mita yangu ya hewa, nilitazama na ya mke wangu, naye vivyo hivyo.

Tulizama Ghuba ya Chole. Mkanda mwekundu wa miwani ya mke wangu ulianza kufifia ukawa kama kahawia, kwa kuwa rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Palikuwa na pono wakiguguna matumbawe, vitatange wawili wawili, na chewa mmoja mnene aliyekaa mlangoni pa pango lake kama mlinzi wa lindo. Matumbawe hayo ni viumbe hai, wala si mawe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na mengi katika bahari hii yakageuka meupe na kufa. Kwa hiyo mgeni haruhusiwi kuyagusa wala kuyakanyaga.

SAA KUMI NA NANE

Sasa tufike kwenye lile jambo tulilolitaja mwanzoni. Likizo yetu ilikuwa yaisha, na kwa ajili hiyo tulikuwa tumekata tikiti za kurudi kwa ndege, ya kwanza ikiondoka Mafia saa mbili asubuhi. Alasiri ya siku ya mwisho tulibakiwa na mbizi moja tuliyokwisha kuilipia. Ingekwisha saa kumi jioni. Mke wangu alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Baba Watoto, ni saa kumi na sita tu. Hazitoshi."

Mwenye chombo alimtuliza. "Shemeji, ndege yenyewe ndogo, haipandi juu sana."

"Na Kigali je?" akamjibu. "Kigali nako ni kudogo?"

Maana yake ni hii. Mtu avutapo hewa chini ya maji, gesi ya nitrojeni huingia katika damu na misuli yake kupita kiasi cha kawaida. Akipanda polepole, hutoka bila madhara. Akienda ghafla mahali ambapo hewa ni nyepesi, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Wataalamu hushauri kungoja saa 12 angalau baada ya mbizi moja, na saa 18 angalau baada ya mbizi za siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Kigali yenyewe imo juu kiasi cha mita 1,500 na zaidi, na hewa yake ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita.

Arudiye kwa gari asidhani kuwa hayamhusu. Katika hesabu za upigaji mbizi, mahali palipozidi mita 300 huhesabiwa kuwa pa juu. Dodoma imepita mita 1,100.

Hatukuzama. Fedha hazikurudishwa, na mwandishi alinuna kwa muda wa nusu saa. Badala yake tulivuka kwa mashua hadi kisiwa cha Chole, tukaona magofu ya kale na popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kweupe. Asubuhi tulipanda ndege tukiwa wazima, na wazima tulifika.

MANENO YA MWISHO

Kupiga mbizi si mchezo wa matajiri tu, wala si mchezo mtupu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria, watu zaidi ya 200 walikufa, lakini siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani yake. Kijana wa jeshi au wa polisi apendaye maji aweza kuuanza ujuzi huo akiwa likizo.

Basi, ndugu msomaji, ukienda, uliza mapema chumba cha kutibia madhara ya mgandamizo kiko wapi na kinafikiwaje. Ukijisikia vibaya baada ya kuzama, sema mara moja, upewe oksijeni na upelekwe kwa daktari, wala usirudi majini kutafuta nafuu. Siku ya mwisho ya likizo iache iwe ya nchi kavu. Na mwenzako akihesabu saa kwa vidole, msubiri amalize.