Zile Fomu Nilizisaini Mimi

Acha nianze na ukweli wenyewe. Fomu kumi na mbili za ridhaa zilizo nyuma ya projekti yangu ya mwaka wa nne nilizisaini mimi, nikiwa kwa matatu, nikibadilisha kalamu ndio mwandiko usifanane. Nilipata A.

Projekti ilikuwa kuhusu mikopo ya simu na wamama wa biashara ndogo ndogo. Nilikaa nao, nikanunua kitu kidogo, tukapiga stori. Mmoja akanifungulia roho. Ana deni kwa app tatu na bwana yake hajui. Akaniuliza, "Kijana wangu, hii ni ya shule tu, sindio?" Nikamwambia ni ya shule.

Leo sitakuambia anauza nini wala anaishi mtaa gani. Mara ya kwanza niliandika hayo yote. Jina nilibadilisha, nikaona nimemaliza kazi. Lakini biashara yake, stegi iliyo karibu na idadi ya watoto wake, zote nikaweka. Halafu nikatuma PDF kwa grupu ya darasa, na kwa hiyo grupu kulikuwa na mtu wa mtaa ule. Wiki mbili baadaye bwana yake alijua deni zote tatu, hadi shilingi ya mwisho.

Nilipoenda kumwona hakunitusi. Aliniuliza tu, "Si uliniambia ni ya shule?"

Ni rahisi kusema mimi ndio mbaya, na sikatai. Lakini nilienda kwa msimamizi wangu nikitaka anigombeze. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata sisi hakuna mtu alitufunza hiyo kitu. Nilipewa kozi muhula ukianza, na slaidi za aliyenitangulia."

Hizo slaidi nazikumbuka. Ya maadili ilikuwa moja: heshima kwa watu, manufaa, haki. Maneno matatu ya Ripoti ya Belmont ya 1979. Tulikariri, yakaja kwa mtihani, tukaandika, tukasahau.

Hakuna aliyetuambia yalitoka wapi. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, maafisa wa afya wa serikali ya Marekani walifuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende. Waliwaambia wanatibiwa "damu mbaya", kisha wakawanyima penisilini hata ilipokuwa dawa ya kawaida. Ningesikia hiyo stori darasani, yale maneno matatu yangekuwa na sura za watu.

Na usidhani ni mambo ya kale. 2023 watu walijaa KICC hapa Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wapate tokeni za kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Tuliwacheka sana mtandaoni. Lakini mtu asiye na kitu akisema "ndiyo" kwa sababu ya doo, hiyo ni ndiyo ya kweli? Hilo ni swali la darasani, na ni wahadhiri wangapi wako tayari kulibeba?

Kuna wenye watasema tuko na vibali. Ni kweli: leseni ya NACOSTI, kamati za maadili, Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Lakini kibali hakiko kwa matatu wakati mwanafunzi anafoji sahihi. Mtu angenizuia ni mhadhiri aliyenikalisha na mwenzangu, tukasomeana ile fomu kwa Kiswahili cha kawaida, mpaka nielewe kwamba mama ana haki ya kukataa na mimi niondoke bila hasira. Kuwa na PhD ya uchumi hakukufunzi kufunza hiyo. Lazima mtu akufunze.

Najua wahadhiri wamelemewa. Madarasa yamefurika, na mishahara tunajua mpaka wagome. Ukiwaitia semina ya siku moja yenye cheti, wataenda kwa sababu ya chai. Mafunzo ya maana ni yale wanaleta makosa yao wenyewe mezani, na wanajaribu kujibu mwanafunzi anayekuja kusema, "Daktari, nilifoji."

Kwa sababu mimi nilisema hivyo. Akaniangalia, akasema majina ya wahitimu yashatoka, niachane nayo. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na jibu, basi.

Digrii yangu iko kwa ukuta wa sebule ya mamangu. Yule mama wa mtaa bado namsalimia, naye huitikia. Lakini hajawahi kunivutia kiti tena.

Kama uko mwaka wa nne, kabla utoke na hizo fomu, muulize lec wako: nikiambiwa hapana, nifanye nini? Asipojua, mwambie akaulize. Usiende kumi na mbili kama mimi.