Samaki Aliyelala Miguuni Petu

Mwezi Juni 2019 mimi na mke wangu tulikaa wiki sita kusini mwa California, Marekani, tukiwa wageni wa usharika wa Kilutheri ulio na urafiki na usharika wetu. Sisi ni watu wa migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Bahari tuliizoea kidogo tu katika miaka minne tuliyohudumu Tanga. Kwa hiyo mzee mmoja wa usharika ule, fundi bomba mstaafu, aliposema atatupeleka kuvua, tulikubali kwa adabu ya wageni zaidi kuliko kwa hamu.

Alitupitia saa kumi alfajiri, leseni zetu za siku moja zikiwa tayari mfukoni mwake. Tukafika ufukwe wa Bolsa Chica, kusini mwa Los Angeles, kungali giza. Samaki aliyekuwa akimtaka ni halibati wa California, samaki bapa wa jamii ya wale ambao watu wa pwani yetu huwaita gayogayo. Alitupa kila mmoja fimbo ya kuvulia, na mwisho wa mshipi palikuwa na chambo bandia cha mpira laini, chenye umbo la dagaa na mkia unaotikisika, kimechomekwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Akatufundisha kuburuta miguu mchangani badala ya kuinyanyua, ili taa waliolala chini washtuke na kuondoka kabla hatujawakanyaga.

Sisi tukaingia majini mpaka kiunoni, tukarusha kwa nguvu zetu zote, mbali ng'ambo ya mawimbi. Tuliamini kwamba samaki wakubwa wako kwenye maji makubwa. Tulirusha hivyo karibu saa nzima, meno yakigongana kwa baridi, tusipate hata mguso. Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu kwenye mchanga mkavu. Mwishowe akacheka kwa upole, akasema, "Wachungaji, samaki mnayemtafuta kule mmempita hapa."

Akatueleza. Halibati huzaliwa na jicho moja kila upande kama samaki wengine. Akiwa bado mdogo sana, jicho moja huhama polepole mpaka yote mawili yakawa upande mmoja; ndipo hulala ubavu na kutazama juu. Hujifukia mchangani, yakabaki macho tu, akisubiri samaki wadogo wapite. Miezi ile wapo grunioni, samaki wadogo wanaopanda ufukweni usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kutaga mayai mchangani. Halibati huwafuata. Mara nyingi hulala kwenye bonde dogo lililochimbwa na mawimbi karibu kabisa na nchi kavu, ambapo maji humfika mtu magotini tu. Kwa hiyo mvuvi anayewajua hurusha kwanza karibu, sambamba na ufukwe, kabla hajalowesha miguu. Anayekimbilia mbali huwakanyaga na kuwafukuza.

Tukarudi mchangani. Tukarusha karibu, tukazungusha mshipi polepole, chambo kikigusa mchanga, kikisimama kidogo, kikiendelea. Katika kurusha kwa tatu au kwa nne mshipi wa mke wangu ukawa mzito kama umenasa mwani, kisha mwani ule ukaanza kukimbia. Mzee alimwambia asivute kwa pupa, asubiri wimbi limlete samaki mwenyewe. Wimbi likaja, likamlaza mchangani mbele ya miguu yetu, kahawia mwenye madoa, mwenye meno makali.

Mzee akampima. Inchi 20. Sheria ya California inataka halibati asipungue inchi 22, yaani kama sentimita 56. Hapakuwa na askari wala mtu mwingine ufukweni. Akalowesha mikono, akamtoa ndoana, akamshika ndani ya maji mpaka alipopata nguvu, kisha akamwachilia. Tuliona siku ile kwamba mtu anaweza kushika sheria yote na bado mikono yake ikawa mipole.

Njiani kurudi hatukuzungumza sana. Baadaye tuligundua kwamba sote wawili tulikuwa tunamwaza mtu mmoja.

Miaka miwili kabla ya safari ile, baraza la wazee, chini ya uenyekiti wetu, lilimtenga kijana aliyekuwa mpiga kinanda wa kwaya, kwa kuwa alikuwa akiishi na mwanamke bila ndoa. Hakuacha kuja. Kila Jumapili alisimama nje chini ya mparachichi, karibu na dirisha, akasikiliza mahubiri, akaondoka kabla ya watu kutoka. Tulikuwa tunampungia mkono. Utaratibu wa kumtenga tuliufuata wote. Lakini aliyetengwa anahitaji kutembelewa na mchungaji wake, na hapo hatukufika. Mwaka uleule tulichanga fedha nyingi, tukasafiri kwa uinjilisti wiki tatu katika vijiji vya mbali. Tulitafuta waliopotea kwenye maji makubwa, na kila Jumapili tulimpita mmoja uani kwetu.

Tulikuwa tumehubiri mara nyingi habari ya Bwana mfufuka aliyewatokea wanafunzi wake kando ya bahari ya Tiberia. Siku zote tulikazia wavu uliojaa. Hatukuwahi kukazia umbali. Usiku kucha walihangaika kwenye maji, na asubuhi Bwana alikuwa amesimama ufukweni, karibu kiasi cha kuongea nao, nao hawakumtambua.

Tuliporudi nyumbani, wiki ya kwanza tulikwenda kwa yule kijana. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno mazito. Alitoka amebeba mtoto ambaye sisi hatukuwahi kumwona, akatabasamu, akasema, "Mchungaji! Mama! Mmepotea sana."

Ndiyo salamu yetu ya kila siku kwa mtu tusiyemwona muda mrefu. Siku ile haikuwa salamu tu. Sisi tuliokuja kumtafuta aliyepotea tuliambiwa, bila chuki yoyote, kwamba waliopotea ni sisi. Mke wangu akajibu, "Ni kweli, mwanangu, tulipotea. Utusamehe." Mkewe akaleta chai, tukakaa mpaka jioni.

Hakurudi kundini Jumapili ile. Ilichukua miezi minane na chai nyingi ndipo ndoa yao ikabarikiwa. Kinanda bado hajakigusa, nasi hatumharakishi. Anakaa ndani, benchi la nyuma, na mtoto magotini.

Wapendwa, safari za uinjilisti tunaendelea nazo. Lakini sasa kila Jumapili, kabla kengele ya ibada haijagongwa, tunazunguka uani kwanza, taratibu, mpaka chini ya mparachichi.