Kabla hujazoea shimo

Marcinelle, Charleroi

Mwanangu mpendwa,

Baba yako ameniambia umepata kazi ya chini ya ardhi huko Kolwezi, na nimefurahi sana, maana najua ulivyohangaika tangu umalize masomo. Sikuandikii ili nikukataze. Jirani na ninapokaa huku Ubelgiji kuna mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa zamani, unaitwa Bois du Cazier, na tangu nipate habari zako kila nikipita pale nakuwaza wewe. Nataka ukijue kisa chake mapema, kwa sababu mtu akishalizoea shimo haulizi tena.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, nchi hii haikuwa na makaa ya kutosha kuendesha viwanda wala kupasha nyumba moto. Waziri Mkuu Achille Van Acker alitangaza vita vya makaa, lakini Wabelgiji wenyewe walikuwa wamechoka kushuka. Kwa muda walitumikishwa mateka wa Kijerumani, na hao ilibidi warudi kwao. Ndipo tarehe 23 Juni 1946 Ubelgiji ikapatana na Italia: Italia itoe wafanyakazi 50,000, na Ubelgiji iiuzie Italia makaa. Mwanangu, lisome tena sharti hilo polepole. Serikali ya nchi iliyoshindwa vita ilitoa vijana wake, ikapewa makaa.

Vijijini Italia yakabandikwa mabango ya rangi ya waridi yenye ahadi za mshahara, likizo na posho ya watoto. Kazi yenyewe hayakuieleza. Hayakusema kwamba katika migodi ya upande huu tabaka la makaa mara nyingi ni jembamba kiasi kwamba mtu hulala ubavu saa nzima nzima, akishika nyundo ya hewa inayomtikisa mpaka mifupani, vumbi likimwingia kifuani. Waliopimwa afya na kukubaliwa walipakiwa treni Milano. Walipofika walikuta makazi yao ni mabanda yaleyale waliyotoka mateka wa vita. Aliyeshuka mara moja akaona hawezi, akakataa kurudi chini, aliweza kukamatwa na polisi na kurudishwa kwao.

Najua utaniuliza mbona hawakutuchukua sisi, tuliokuwa koloni lao. Sisi tulikuwa na mashimo yao kwetu nyumbani: shaba ya kampuni ya Union Minière, na makaa ya Luena. Mkongo kuja kuishi Ubelgiji enzi hizo ilikuwa ruhusa ya wachache mno. Na Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara wa kuwatosha, walipigwa risasi. Nakutajia hayo ili usidhani habari za Waitaliano hawa zinatuhusu kwa mbali. Bwana alikuwa mmoja.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe, Jumatano, 8 Agosti 1956. Asubuhi ile walishuka watu 275. Ilipofika kama saa mbili na dakika kumi, kwenye kituo cha mita 975 chini ya ardhi, wagoneti moja haikuingia sawasawa katika kizimba cha kupandishia, ilibaki imetokeza. Aliyekuwa chini na aliyekuwa juu hawakuelewana, na kizimba kikavutwa. Ile wagoneti ikagonga boriti, boriti ikakata bomba la mafuta ya mitambo, nyaya za umeme na bomba la hewa iliyoshindiliwa. Mafuta yakaruka, cheche zikayadaka, hewa ikauchochea moto. Na shimo lile ndilo lililokuwa likiingiza hewa safi mgodini, kwa hiyo moshi ulipita njia ya pumzi yao ukawafuata kila mahali walipokuwa wakichimba. Wengi wao hawakuuona moto kabisa. Waliuawa na gesi ya ule moshi.

Walipona watu 13. Walikufa 262: Waitaliano 136, Wabelgiji 95, na wengine wa mataifa kumi tofauti. Kijiji kimoja cha Italia, Manoppello, kilipoteza wanaume zaidi ya 20 kwa siku hiyo moja.

Waokoaji walishuka na kupanda kwa wiki mbili. Wanawake walisimama kwenye geti la chuma mchana na usiku, wakishikilia zile nondo, kila mmoja akisubiri kusikia jina. Picha zao zilioneshwa kwenye televisheni, kitu kilichokuwa kigeni wakati ule, na nchi nzima ikawatazama. Kisha usiku mmoja mwokoaji aliyetoka chini kabisa, mita 1,035, alisema kwa Kiitaliano kwamba wote ni maiti. Watoto zaidi ya 400 walibaki bila baba.

Hapa kuna watu bado wanasema ilikuwa bahati mbaya, na wengine wanamtupia lawama mpakiaji wa wagoneti, mhamiaji ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Mimi nakataa. Nani alipitisha mafuta, umeme na hewa bega kwa bega ndani ya shimo moja? Nani aliacha mbao nyingi kiasi kile karibu nayo? Kwa nini usalama wa mamia ya watu ulitegemea maneno machache ya simu kati ya watu wasiozungumza lugha moja vizuri? Shimo la tatu lilikuwa linachimbwa, lakini lilikuwa halijaunganishwa na mahali walipokuwa watu. Mpakiaji hakuamua hata moja kati ya hayo. Walioamua walikuwa na ofisi juu ya ardhi.

Kesi ilivutana miaka. Washtakiwa wote waliachiliwa mwaka 1959, kisha katika rufaa ya mwaka 1961 akatiwa hatiani mtu mmoja tu, meneja wa mgodi: kifungo cha miezi 6 kilichoahirishwa, na faini ya faranga 2,000. Watu 262! Kila nikiandika hesabu hiyo mkono unatetemeka kwa hasira. Na mgodi wenyewe ulianza tena kutoa makaa mwaka 1957, ukaendelea hadi Desemba 1967.

Italia ilisimamisha kupeleka watu wake. Waajiri wakageukia Uhispania na Ugiriki, baadaye Moroko na Uturuki. Hao nao waliozeeka hapa nimewasikia wakikohoa kwenye mabasi. Vumbi la mgodini huua polepole, na nchi hii ilichelewa hadi miaka ya 1960 kuukubali ugonjwa huo wa mapafu kuwa ni ugonjwa wa kazini unaostahili fidia. Mgodi wa mwisho wa upande wetu ulifungwa mwaka 1984. Leo Bois du Cazier ni makumbusho, na tangu 2012 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na migodi mingine mitatu. Ukija tutapanda pamoja vilima vya mabaki ya mgodi, siku hizi vimeota miti.

Basi nakuuliza wewe uliye Kolwezi. Shimo unaloshukia lina njia ya pili ya kutokea? Umewahi kuipita kwa miguu yako mwenyewe, au umeoneshwa kwenye ramani tu? Anayetoa ishara ya kuvuta ni nani, na mnaelewana kwa lugha gani, maana nasikia wakubwa wenu wengine hawajui Kiswahili wala Kifaransa? Kifaa cha kupumulia unakivaa kiunoni au kiko kabatini? Uliza haya kwa adabu, lakini uliza mbele ya wenzako, ili jibu lisikike na wengi. Na ukiambiwa usiwe mwoga, mwambie una shangazi Marcinelle anayetaka jibu kwa maandishi.

Jumapili nitakupigia baada ya misa. Nianzie na hilo la njia ya pili, mengine yatafuata. Nisalimie baba na mama, na mdogo wako mwambie viatu vyake nimevipata, nitavituma na mtu anayekuja Lubumbashi.

Ni mimi, tantine wako.