Shingo Upande

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na kwa kazi hiyo ndipo ninapopata madaftari, sare na nauli ya kuja hapa bwenini. Likizo iliyopita nilimkuta amekaa barazani, cherehani imefunikwa kanga, naye ameinamisha kichwa kwenye bega la kulia. Majuma matatu nyuma alikuwa ameanguka na baisikeli akagonga kichwa. Kidonda kilikwisha pona, na macho yalionekana mazima. "Mpwa wangu," akasema, "nikitazama chini naona sindano mbili, moja juu ya mwenzake, wala sijui ipi ya kweli."

Watoto wa mtaani walimwita Shingo Upande. Nami, kwa aibu naandika haya, nilidhani anakwepa kazi, maana nilikuwa nikiwaza nauli yangu.

Siku ya nne nikamsindikiza hospitali. Daktari akapeleka kidole huku na huku, mjomba akakifuata kwa macho. Kisha akatueleza. Kila jicho huzungushwa na misuli sita, na misuli hiyo hupokea amri kwa neva tatu zitokazo kwenye ubongo. Neva ya tatu huendesha misuli minne, ya sita mmoja, na ya nne mmoja, ule usaidiao jicho kutazama chini. Hiyo ya nne ni nyembamba kupita neva zote za kichwa, na njia yake ndani ya fuvu ni ndefu. Kwa hiyo kichwa kikigongwa huweza kuumia. Hapo msuli ni mzima, lakini amri haifiki. Jicho hupanda juu kidogo, na ubongo hupokea picha mbili. Mgonjwa huinamisha kichwa upande wa pili ili picha zikutane.

Kumbe shingo ile haikuwa uvivu, bali dawa aliyojitafutia mwenyewe!

Daktari alimfunika jicho moja, akasema mara nyingi neva hiyo hupona yenyewe kwa miezi kadhaa. Isipopona, misuli ya jicho yaweza kurekebishwa kwa kupasuliwa. Basi likizo yote nilimtungia uzi, naye akashona polepole. Nilimwomba radhi, akacheka, akaniambia nitunge uzi mwingine.

Juzi ameniletea salamu kwamba sindano zimeanza kukaribiana. Wenzangu, kabla hatujamcheka mwenye shingo upande, tumwulize kwanza anaona nini.