Mtoto Anakumbuka Nini? Mafunzo Kutoka Katika Utafiti wa Kumbukumbu

Katika kazi ya ualimu ni vigumu kupata swali linaloulizwa mara nyingi, na kujibiwa kwa haraka, kama hili: "Mmeelewa?" Watoto huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" na kipindi hufungwa kwa amani. Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu-wanachuo kwa nini itikio hilo halitoshi kuwa ushahidi wa kujifunza, na ni ushahidi gani unaofaa kutafutwa badala yake. Hoja zetu tumezipata katika somo la kumbukumbu tulilolisoma chuo kikuu, nalo ni somo ambalo mwanzoni tulidhani halina uhusiano wowote na darasa la shule ya msingi.

Tulikuwa walimu wanne, wenye miaka kadhaa ya kushika chaki, tulipoingia chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya elimu. Miongoni mwa masomo tuliyopangiwa lilikuwamo la saikolojia ya utambuzi, yaani elimu ihusuyo jinsi akili inavyopokea maarifa, inavyoyahifadhi na inavyoyatumia. Tulitazamia kupewa kanuni za kumfanya mtoto asisahau. Badala yake mhadhiri alitupa kazi ya kutunga orodha ya silabi zisizo na maana yoyote, kuzikariri, kisha kupima tumezisahau kwa kiasi gani. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, aliuliza bila kificho: silabi zisizo na maana zitamfaa nini mtoto wa Darasa la Tatu? Swali lake lilikuwa la haki, na tulilibeba muda wote wa somo.

Kazi ile asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1885 mtaalamu aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu. Kabla yake wanafalsafa walikuwa wakiijadili kumbukumbu kwa hoja. Yeye alitaka kuipima kwa hesabu. Alitunga silabi zipatazo 2,300, nyingi zikiwa na konsonanti, irabu na konsonanti, akazipanga katika orodha na kuzisoma kwa mwendo usiobadilika hadi alipoweza kuzitaja zote bila kukosea. Mtu aliyepimwa alikuwa mmoja tu, naye ni Ebbinghaus mwenyewe. Baada ya muda fulani aliirudia orodha ileile, akapima muda uliohitajika kujifunza upya. Muda uliopungua ndio aliouhesabu kuwa akiba.

Yafaa akiba hiyo ieleweke vizuri, maana mara nyingi huelezwa visivyo. Tuseme mtu alitumia dakika 100 kujifunza orodha kwa mara ya kwanza, na siku ya pili akatumia dakika 66 tu. Ameokoa dakika 34, kwa hiyo akiba yake ni asilimia 34. Hiyo ndiyo takriban akiba aliyoipata Ebbinghaus baada ya siku moja. Baada ya dakika 20 tu ilikuwa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Na baada ya siku 31, asilimia 21. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Amsterdam, Jaap Murre na Joeri Dros, walichapisha matokeo ya kulirudia jaribio hilo, na mchoro wao ulifanana sana na ule wa kale.

Wako wanaozitaja tarakimu hizi kana kwamba zinasema kila mtu husahau theluthi mbili ya kila afundishwacho kwa siku moja. La hasha. Zinahusu silabi zisizo na maana, na zinapima urahisi wa kujifunza upya. Tena ndani yake mna habari njema kwa mwalimu. Mtoto anayeonekana amesahau kila kitu baada ya likizo si sawa na mtoto ambaye hakufundishwa kamwe. Kuna akiba iliyobaki, ijapokuwa haionekani, na akirudishwa katika somo atakwenda kwa kasi kuliko mara ya kwanza. Kumwambia kwamba hajui kitu ni kuikana akiba hiyo.

Sisi tulipotunga orodha zetu tulikutana na shida ambayo Ebbinghaus hakuwa nayo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na silabi zake za Kijerumani hazikutukaa ulimini. Tukaamua kuunganisha silabi zetu mbili mbili. Hapo kila tulichokitunga kilikuwa neno, au kilijifanya neno. "Vepu" na "nofe" zilipita. Nyingine mwenzetu alisema ni jina la kijiji cha jirani yao. Nyingine ilikuwa tusi katika lugha ya nyumbani kwa mwenzetu wa pili. Tulicheka sana, lakini katika kicheko hicho tulijifunza mambo mawili. Kwanza, akili ya mwanadamu haikubali utupu. Ikipewa kitu kisicho na maana, hukitafutia maana. Pili, kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu fulani hapana budi kichunguzwe kabla ya kuwapimia watu wengine.

Jambo la kwanza Ebbinghaus mwenyewe aliliona. Alipokariri beti za utenzi wa Byron uitwao Don Juan, alihitaji juhudi iliyokuwa takriban sehemu moja ya kumi ya ile aliyoitumia kwa silabi zake. Hilo pekee lamtosha mwalimu kujua gharama ya kumkaririsha mtoto asichokielewa.

Jambo la pili lilitupeleka kwa Mwingereza Frederic Bartlett wa Cambridge, aliyechapisha kitabu chake juu ya kukumbuka mwaka 1932. Bartlett alifika kwa Waswazi, katika nchi ambayo tangu mwaka 2018 huitwa Eswatini. Alikuwa amesikia kwamba watu wale wana kumbukumbu ya ajabu. Alimpa kijana mdogo ujumbe aupeleke upande wa pili wa kijiji. Kijana aliacha baadhi ya maneno, na hakuwashinda watoto wa Uingereza. Lakini mchungaji mmoja aliyeulizwa juu ya ng'ombe ambao mwajiri wake aliwanunua kiasi cha mwaka mmoja nyuma, aliwataja mmoja baada ya mwingine, pamoja na rangi zao, bei zao na watu waliowauza. Maneno yake yalipolinganishwa na daftari la mwenye mali, makosa yalikuwa machache mno. Bartlett hakusema kwamba mchungaji alikuwa na akili ya pekee. Alieleza kwamba ng'ombe walikuwa kiini cha maisha ya jamii ile, na kwamba mtu hukumbuka vizuri yale yaliyofungamana na maisha yake.

Tulisoma pia utafiti uliofanywa Liberia na Michael Cole na wenzake miongoni mwa Wakpelle, ambao kitabu chake kilitoka mwaka 1971. Watu walisomewa maneno 20 ya vitu vya kawaida, yaani vyakula, nguo, zana na vyombo, kisha wakaombwa kuyataja kwa mpango wowote. Wasiosoma shule walitaja machache, na kurudiwa kwa orodha kuliwaongezea kidogo tu. Lakini vitu vilevile vilipowekwa ndani ya hadithi, watu walivikumbuka kwa kufuata mpangilio wa hadithi yenyewe. Kumbe uwezo wa kukumbuka walikuwa nao tangu awali. Orodha tupu ndiyo iliyokuwa haiufikii.

Baada ya sura hiyo, yule mkubwa wetu hakuuliza tena swali lake la zamani. Alisema, "Basi tusimwite mtoto mzito kabla hatujajua tumempima kwa kipimo gani." Twaomba kila mwalimu-mwanachuo ayazingatie maneno hayo. Neno "mzito" likishaandikwa katika taarifa ya mtoto humfuata darasa hadi darasa. Mwalimu hulisoma kabla hajamwona mtoto mwenyewe, na mtoto naye huanza kuliamini.

Lakini je, kipimo ni cha kupimia tu? Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni ulipotufunza jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis nchini Marekani, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walipewa kifungu cha habari. Kundi moja lilisoma kifungu hicho katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likaandika yote liliyoyakumbuka bila kutazama kifungu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83, na walioandika kwa kukumbuka walipata 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na walioandika kwa kukumbuka walikuwa na 61. Kundi la kwanza lilikuwa limekipitia kifungu mara 14 hivi kwa wastani. La pili mara tatu na kidogo tu. Tena waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Tafakari matokeo hayo, ndugu mwanachuo. Mwalimu anayepima mwishoni mwa kipindi huona ushindi wa njia iliyo dhaifu. Kusoma na kurudia huleta wepesi wa papo hapo, na wepesi huo humdanganya anayejifunza na anayefundisha pia. Kujikumbusha bila kutazama ni kugumu, huonyesha mapengo, na humfanya mtoto akune kichwa. Lakini ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Kwa hiyo kumwuliza mtoto si kumpima tu. Ni sehemu ya kumfundisha.

Itikio la pamoja halifanyi kazi hiyo. Anayejua hutangulia kwa kitambo kidogo sana, na wengine humfuata kwa sauti; masikio ya mwalimu hayatambui tofauti. Afadhali mwalimu aanze kipindi kwa maswali matatu: moja la jana, moja la juma lililopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtoto aandike jibu katika daftari la mazoezi kabla ya yeyote kusema. Kisha jibu sahihi litajwe mara moja, ili kosa lisipate kuzoeleka, na kila mmoja ajisahihishe. Maswali hayo yasitolewe alama, wala asiadhibiwe mtoto kwa ajili yake. Mwenye hofu hujifunza kunakili kwa jirani.

Kuyatawanya maswali kwa siku nyingi nako kuna sababu. Ebbinghaus alikwisha kuona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimletea faida ileile kama marudio 68 yaliyorundikwa kwa wakati mmoja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na katika kumbukumbu methali hiyo ina hesabu nyuma yake.

Hata hivyo, si vyema mwalimu-mwanachuo ayachukue haya kama amri. Wanafunzi wa chuo cha Marekani si watoto wa Darasa la Tatu wanaokaa watatu katika dawati moja. Lakini utafiti wa kumbukumbu ulitupa, pamoja na matokeo, njia ya kujihakikishia wenyewe, na njia hiyo haihitaji maabara. Chukua maneno kumi mapya ya somo la Kiswahili. Yafundishe yote kwa namna moja. Katika marudio, matano yarudiwe kwa kusomwa ubaoni, na matano kwa kila mtoto kuyakumbuka na kuyaandika. Muda wa marudio uwe sawa. Baada ya juma moja uliza yote kumi bila kutangaza, na hesabu. Mara nyingine badilisha mafungu, ili maneno yaliyo rahisi yasiipendelee njia moja. Ukifanya hivyo mara kadhaa utakuwa na ushahidi wa darasa lako mwenyewe, na utaweza kuutetea mbele ya mkaguzi na mbele ya mzazi.

Hili laweza kuanza katika mazoezi ya kufundisha yatakayofuata. Katika andalio la somo kuna sehemu ya tathmini, ambayo wengi huijaza siku ileile kwa maneno kama "somo limeeleweka". Andika hapo tarehe ya leo na idadi ya watoto walioweza. Chini yake andika tarehe ya juma lijalo, na uache nafasi tupu. Siku hiyo ikifika, waulize watoto walewale maswali yaleyale, kisha uijaze nafasi hiyo kwa uaminifu, hata kama tarakimu ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia somo linalofuata.