Kitabu Kisichofunguliwa: Maoni Juu ya Ukusanyaji wa Katuni Kongwe za Majagina

Wahakiki wa fasihi tumezoea kudai kwamba kazi ya sanaa hukamilika inaposomwa. Watetezi wa nadharia ya upokezi, hasa Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, walitufunza kuwa matini isiyo na msomaji ni karatasi na wino tu. Nimeifundisha rai hii kwa miaka mingi na sijaona sababu ya kuiacha. Hata hivyo, kwa muda uo huo nimekuwa mkusanyaji wa vitabu kongwe vya katuni za majagina wa Kimarekani, na katika uwanja huo kanuni ni kinyume kabisa: kitabu hupanda thamani kadiri kilivyoepukana na wasomaji. Nakusudia kuujadili mgongano huu kwa sababu, kwa maoni yangu, unaihusu taaluma yetu kuliko inavyodhaniwa.

Vitabu hivi havikutengenezwa ili vidumu. Toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, liliuzwa kwa senti 10. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliombuni Superman, walilipwa dola 130 na kuziachia haki zote. Karatasi ilikuwa ile ya magazeti, yenye asidi ndani yake, ambayo hugeuka manjano na kumomonyoka hata pasipo kuguswa. Watoto waliviviringisha vitabu hivyo na kuvitia mfukoni. Mama zao wakavitupa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vingi vilizolewa pamoja na karatasi nyingine kuukuu ili visagwe upya kwa mahitaji ya vita, na baada ya vita vingine vikachomwa moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha Seduction of the Innocent, akivishutumu kwa kuwapotosha watoto, na mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za udhibiti. Uhaba wa leo, basi, ni zao la dharau ya jana. Mwezi Aprili 2024 nakala moja ya toleo lile la senti 10 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.

Nakala hiyo ilikuwa na alama 8.5, na alama hii ndiyo inayostahili kuzingatiwa na mhakiki. Tangu Robert Overstreet alipotoa mwongozo wake wa bei mwaka 1970, wakusanyaji wamekuwa wakibishana juu ya hali ya kila nakala. Mwaka 2000 ilianza kazi kampuni ya CGC, ambayo hupokea kitabu, hukikagua, hukipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha hukifunga ndani ya kasha la plastiki ngumu lenye lebo. Wakaguzi hutazama mgongo kama una mikunjo, pembe kama zimebutuka, pini kama zina kutu, na weupe wa kurasa. Kitabu kilichotiwa rangi au kubandikwa kiraka hupewa lebo ya zambarau, na bei yake huporomoka. Mchubuko wa kweli huheshimiwa kuliko uzuri wa kughushi. (Laiti wahariri wa baadhi ya diwani zetu kongwe wangalikuwa na lebo kama hiyo!) Tofauti kati ya 9.6 na 9.8 huhitaji taa kali na jicho la mzoefu, ilhali pengine huongeza bei maradufu. Hakuna anayeulizwa kama hadithi yenyewe ni nzuri.

Mfano wa kilele cha imani hii ni mkusanyiko wa Edgar Church, mchoraji wa kibiashara wa Colorado. Alinunua katuni kwa miaka mingi na kuzirundika nyumbani, katika hewa kavu ya nyanda za juu. Mfanyabiashara Chuck Rozanski alipozinunua mwaka 1977, maelfu kwa maelfu, nyingi zilikuwa kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Hata sasa kutaja tu kwamba nakala fulani ilitoka kwa Church ni kama kutaja nasaba.

Mimi niliingia katika jambo hili nilipokuwa mwanafunzi wa uzamifu nchini Marekani, na kilichonivuta kilikuwa Kenya. Katika Giant-Size X-Men ya mwaka 1975, Len Wein na Dave Cockrum walimleta Ororo, yaani Storm, mwanamke anayetawala mvua na upepo na kuabudiwa nchini Kenya kama mungu. Kenya ile ni ya mawazo ya New York, na mhakiki wa Kiafrika ana mengi ya kuikosoa. Lakini katika X-Men nambari 102, ya Desemba 1976, Chris Claremont alimpa Ororo historia: mama binti wa kifalme kutoka Kenya, baba mpigapicha Mmarekani, na nyumba ya Cairo iliyoporomoka juu yao wakati wa vita vya Suez vya 1956. Mtoto alizikwa hai kwenye kifusi kando ya maiti ya mama yake. Tangu hapo hawezi kustahimili mahali palipofungwa.

Ninazo nakala mbili za toleo hilo. Moja ina alama 9.4, nayo imo ndani ya kasha lake. Bei yake sitaitaja mbele ya wenzangu wa idara. Msomaji ameshaiona kinaya: hadithi ya mwanamke anayeogopa kufungiwa imefungiwa ili isisomwe tena, na kulivunja kasha ni kuipoteza alama. Nakala ya pili niliipata kwa bei ya chakula cha mchana. Jalada limechanika, na mtoto asiyejulikana ameandika jina lake kwa kalamu juu ya kichwa cha Ororo. Kwa mkaguzi huo ni uharibifu. Kwangu mimi, mwanafunzi wa upokezi, ni ushahidi pekee nilio nao kwamba toleo hilo liliwahi kumfikia mtu.

Sisemi kwamba wakusanyaji ni wajinga. Nakala safi hutuhifadhia rangi, matangazo na barua za wasomaji kama zilivyokuwa, na bila uchu wao vingi vingepotea. Hata Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa hati nzuri kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na tunamshukuru. Lakini nakala iliyoandikiwa mteja wa mbali haitwambii namna utenzi ulivyoishi nyumbani, ambako karatasi hupata doa la mafuta ya taa na pambizo hujaa masahihisho ya mikono mitatu.

Suala hili sasa linatukabili wenyewe. Majarida yaliyosomwa sana hapa katika miaka ya 1960 na 1970, kama African Film lenye visa vya Lance Spearman, au Joe lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, yalipita mkono hadi mkono mpaka yakaachana vipande. Nakala zilizosalia zimeanza kutafutwa na wakusanyaji, na vigezo vyao vitakuwa vile vya kasha. Idara ikianza kuyakusanya, ningependekeza fomu yetu ya maelezo iwe na nafasi ya kunukuu majina, hesabu za duka, michoro ya watoto na kila kilichoandikwa pambizoni, na nafasi hiyo isiwekwe chini ya kichwa cha kasoro.