Lugha Ndogo Haiishi kwa Kamusi Peke Yake

Tumezoea kudhani kwamba lugha hufa kwa sababu wasemaji wake ni wachache. Kadiri ninavyoisoma historia ya Afrika Mashariki, ndivyo ninavyozidi kuitilia shaka dhana hiyo.

Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, nchini Kenya, walikuwa wawindaji na wafuga nyuki, na mahari yao ililipwa kwa mizinga. Mapema katika karne ya 20 walianza kuoana na majirani wafugaji, ambao hawakutaka mizinga bali ng'ombe. Aliyetaka kuoa ikambidi afuge, na maisha ya ufugaji yakaja na Kimaasai. Watoto wakakua na lugha hiyo mpya. Kiyaaku hakikuhitaji kupigwa marufuku. Ilitosha kwamba kazi na mali iliyokibeba imekosa thamani.

Linganisha na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, hapa kwetu Tanzania. Idadi yao ni kama elfu moja tu, nao wamezungukwa na Wairaqw, Wadatoga na Wanyisanzu, lakini watoto wao bado wanazungumza Kihadza. Kinachowasaidia zaidi ni pori: majina ya mizizi, asali na nyayo za wanyama yangali na kazi kila siku. Ndiyo maana hatimiliki za kimila walizopewa mwaka 2011 katika bonde la Yaeda ninazihesabu kuwa sera ya lugha, ijapokuwa zilitolewa kwa jina la ardhi.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatutaka tuendelee kutumia na kujivunia lugha zetu za jamii. Hata hivyo, mtoto wa Kihadzabe aingiapo shuleni hufundishwa kwa Kiswahili kana kwamba amezaliwa nacho, na asipoelewa huonekana mzito wa akili.

Mimi ni mtetezi wa Kiswahili. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mtoto hujifunza vyema kwa lugha aijuayo, na kwamba Kiingereza kisiwe kizuizi mlangoni mwa sekondari. Hoja hiyo haiwezi kuishia pale inapotufaa sisi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Basi ndugu zangu mlio katika ofisi za ardhi na elimu, jamii hizi hazihitaji huruma. Zinahitaji ardhi isiyomegwa, na mwalimu wa darasa la kwanza anayeweza kumsalimu mtoto kwa lugha ya mama yake.